Wanakimbia Bila Kutazamana: Ashiki katika "Chemchemi ya Mapenzi" ya Fragonard

Kuna picha ya Kifaransa ya miaka ya 1780 ambayo naiona imeonewa. Wanaomjua mchoraji wake, Jean-Honoré Fragonard, huipita haraka, kwa sababu jina lake limeshafungwa kwenye bembea, hariri na vicheko, kama fundi wa kuwaburudisha matajiri wa Paris waliokuwa na fedha nyingi na shughuli chache. Wasiomjua, wakisikia picha inaitwa "Chemchemi ya Mapenzi", hudhani ni pambo la kadi ya harusi. Wote wanapitwa. Kwa maoni yangu hakuna picha ya karne ya 18 iliyoitazama ashiki kwa uzito kama hii, wala iliyompa mwanamke nafasi sawa ndani ya ashiki hiyo.

Tuanze na kinachoonekana. Turubai ni dogo, kama sentimita 63 kwenda juu na zaidi kidogo ya 50 kwa upana, kitu ambacho mtu mmoja hukibeba kwapani. Kutoka kushoto wanatokea vijana wawili, mwanamume na mwanamke, mbio, wakiuacha msitu nyuma yao. Wamevaa mavazi mepesi ya Kirumi ya kale, na vichwani wana mashada ya maua. Wamebanana, na nyuso zao tunaziona kwa ubavu, moja karibu na nyingine. Miguu yao inagusa ukingo wa birika la mawe kwa wakati mmoja. Shingo zimenyooka, vifua vimetangulia, midomo imefunguka kidogo. Upande wa kulia birika linafurika, na juu yake vitoto vyenye mabawa vinagaragara katika mvuke. Vingine vimeinua kikombe na kukielekeza kwenye midomo ya wanaokuja. Maji yenyewe hayana uzito wa maji, yanapanda na kutawanyika mithili ya ukungu. Nyuma ya yote hayo miti imezama gizani, na rangi zilizobaki ni chache: kahawia, dhahabu iliyofifia, weupe wa ngozi na wa nguo.

Bado hawajanywa. Hapo ndipo penye akili ya picha nzima. Fragonard angeweza kuwachora wakinywa, au wakishakunywa, wamelala majanini wamekumbatiana. Wateja wa zama zake wangelipa vizuri kwa picha ya namna hiyo. Akachagua nukta ya kabla, pale mwili unapokuwa umeshakwenda na akili haijaulizwa. Ukivitazama viwiliwili vyao utaona kwamba hakuna binadamu anayeweza kusimama vile. Uzito wote umeshapita mbele ya miguu. Anayekimbia hivyo hana tena uwezo wa kubadili nia, atafika tu, apende asipende. Picha haisemi kwamba hilo ni dhambi, wala haisemi kwamba ni raha. Inalionyesha, na ndani yake kuna hofu kidogo ambayo hutaikuta katika picha za mapenzi za kawaida za wakati ule.

Kisha yatazame macho. Wapenzi hawa hawatazamani. Mchoraji yeyote aliyepewa kazi ya kuchora mahaba angeanza na jicho kwa jicho, maana ndilo jambo la kwanza linalomjia mtu kichwani. Hapa wote wawili wanakitazama kikombe. Wapo watakaosema kwamba kwa hiyo picha ni baridi, kwamba inaonyesha watu wawili waliopenda kiu yao wenyewe na si mtu mwingine. Hoja hiyo ina nguvu, na nitairudia. Ila kabla ya kuipima lazima tujue Fragonard alikuwa ametoka wapi, kwa kuwa hakuanza hivi.

Alizaliwa Grasse, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1732, mtoto wa mtengeneza glavu. Paris alipita kwa muda mfupi kwa mchoraji Chardin, kisha akajifunza kwa François Boucher, aliyekuwa bingwa wa picha za miungu ya kike yenye mashavu mekundu. Mwaka 1752 alishinda tuzo ya kwenda kusoma Roma. Mwaka 1765 Chuo cha Kifalme cha Wachoraji kilimpokea kwa shangwe kutokana na picha kubwa ya kuhani Coresus akijitoa mhanga kwa ajili ya msichana Callirhoe, na mfalme akainunua. Njia ya heshima ilikuwa wazi mbele yake: picha za historia, picha za makanisa, vyeo. Hakuifuata. Miaka miwili tu baadaye alikuwa anachora "Bembea".

Kisa cha "Bembea" tumekipata katika shajara ya mtunzi wa tamthilia Charles Collé. Bwana mmoja wa ikulu alimwendea kwanza mchoraji Gabriel-François Doyen, akataka hawara yake achorwe juu ya bembea inayosukumwa na askofu, na yeye mwenyewe awekwe chini, mahali pa kuiona vizuri miguu ya bibi huyo. Doyen, aliyekuwa akisifiwa wakati ule kwa picha ya kanisani, alipigwa na butwaa, akaikwepa kazi na kumtaja Fragonard. Fragonard akaipokea. Askofu akageuka kuwa mzee wa kawaida kivulini, kiatu cha waridi kikaruka hewani, na bwana aliyelipa yupo kwenye kichaka, amelala chali, anatazama juu. Ni kazi ya mkono wenye kipaji cha ajabu. Ile waridi ya gauni katikati ya majani ya kijani haijapata mpinzani. Lakini mpangilio wake ni mpangilio wa mnunuzi. Mwanamke anaonyeshwa, mwanamume anatazama, na sisi tumesimama nyuma ya bega la mtazamaji.

Miaka kumi hivi baadaye, karibu 1777, akachora "Komeo", ambayo iko katika makumbusho ya Louvre, Paris, tangu 1974. Chumba, kitanda chenye mapazia mazito mekundu, tofaa juu ya meza. Mwanamume ananyoosha mkono kulisukuma komeo la mlango kwa ncha ya kidole, na mkono wa pili umemzunguka mwanamke. Mwanamke anajipinda, mkono wake unamsukuma. Wataalamu wamebishana kwa miongo mingi kama huo ni ubakaji au ni mchezo wa wapenzi, na wengine hulimaliza suala kwa kusema kwamba enzi zile zilikuwa na desturi zake. Mimi nauona mlango unafungwa na mtu mmoja, naye ndiye mwenye nguvu zaidi chumbani. Uzuri wa mwanga unaoshuka kutoka kushoto hauliondoi hilo. Aliyeiagiza, marquis de Véri, aliitundika pamoja na picha nyingine ya Fragonard ya wachungaji wakimsujudia Yesu mchanga, kana kwamba takatifu na ya dunia zingeweza kusawazishana ukutani. Sijaona kwamba zilisawazishana.

Ukitoka hapo ndipo utakapojua "Chemchemi" imefanya nini. Hakuna mwindaji na mwindwa. Hakuna mtazamaji aliyejificha kwenye kichaka, wala mzee wa kusukuma, wala mlango. Mwanamke hakimbizwi, anakimbia. Hatua yake ni ndefu sawa na ya mwenzake, kiu yake ni ile ile, na kikombe kinainuliwa kwa ajili ya wote wawili. Hata nywele na nguo zinazopeperuka nyuma zinasema mwendo mmoja. Katika karne iliyojaa picha za wasichana waliovunjikiwa mitungi, waliopoteza ndege wao, waliokamatwa wakiwa usingizini, yaani picha ambazo hamu ya mwanamke huonekana tu kama hasara iliyompata, hapa mwanamke ana hamu yake mwenyewe na haombi radhi kwa ajili yake. Naona ajabu kwamba wachambuzi wengi wametumia kurasa nyingi juu ya mtindo wa picha na mistari michache juu ya jambo hili.

Jambo hili lilikuwa zito katika nchi ile. Tangu amri ya kifalme ya mwaka 1556, mvulana wa chini ya miaka 30 na msichana wa chini ya miaka 25 waliooana bila ridhaa ya wazazi waliweza kunyimwa urithi. Ndoa za watu wenye mali zilipangwa mezani na mthibitishaji wa mikataba, kwa hesabu ya mahari, mashamba na vyeo. Talaka haikuwepo kisheria hadi Septemba 1792, Mapinduzi yalipoileta, nayo ikafutwa tena mwaka 1816. Mnunuzi wa picha kama hii alikuwa, kwa kawaida, ametoka katika ndoa ya namna hiyo. Msitu alioutundika sebuleni hauna mzazi, hauna shahidi, hauna karatasi ya kutia saini. Istiara ndiyo iliyoruhusu hayo. Ukiwavika vijana nguo za Kirumi na kuwawekea vitoto vya mabawa, waweza kusema hadharani lile ambalo gauni la 1785 lisingekuruhusu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kubembelezwa alikubali hilo. Ushairi wetu wa mapenzi, tangu Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa karne hiyo hiyo ya 18, hadi taarabu inayopigwa leo, umeishi kwa mafumbo ya ua, maji, kiu na chombo kilichoko baharini. Ukumbi mzima husikiliza wimbo wa ashiki, wazee wakiwemo, na hakuna aliyevunjiwa heshima, maana kilichotajwa ni maji tu. Kwa hiyo siamini kwamba "Chemchemi" ni picha ya Wazungu wasomi peke yao. Mtu aliyezoea kusikiliza taarabu kwa makini ataisoma haraka kuliko mwanafunzi wa sanaa aliyefundishwa kuhesabu mitindo.

Chemchemi yenyewe ina historia, na historia hiyo inaiongezea picha ladha ya uchungu. Claudian, mshairi wa mwisho mwisho wa dola ya Roma, anasimulia chemchemi mbili katika bustani ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, huko Kipro, moja tamu na moja chungu, na kwamba Cupid, mwanawe mwenye mabawa, huchovya mishale yake humo. Pliny, Mroma wa karne ya 1, anataja chemchemi ya Cupid huko Cyzicus, katika Uturuki ya leo, ambayo ilisadikiwa kwamba anayeinywa huachana na mapenzi. Maji ya namna hii, tangu zamani, hayakuwa na uaminifu: yanawasha na yanazima, na anayekuja mbio hana nafasi ya kuuliza ni yapi. Fragonard hakuandika chochote kwenye birika cha kumsaidia. Ametupa mvuke tu, na mvuke haukati kiu.

Vile vitoto vya mabawa ndivyo vinavyowaudhi wengi, na naelewa. Karne ya 18 ilivizalisha kupita kiasi, juu ya dari, juu ya saa, juu ya vitasa. Fragonard mwenyewe aliwahi kuonyesha picha ya kundi la watoto wakielea angani katika maonyesho ya mwaka 1767, na Denis Diderot, aliyekuwa mhakiki mkali kuliko wote, akaiita kimanda kikubwa kizuri cha watoto. Kilikuwa kipigo, na kilistahili. Katika "Chemchemi" lakini vitoto vina kazi. Wapenzi wamekaza kila msuli, na papo hapo pembeni yao vitoto vinacheza majini kama siku nyingine yoyote. Wao wanahatarisha maisha yao, mungu wa mapenzi anajifurahisha. Tofauti hiyo ya hali ndiyo inayonisumbua kila ninapoirudia picha, na naamini iliwekwa kwa makusudi, kwa kuwa mchoraji amezigawa pande mbili waziwazi: kushoto mwendo uliokazwa katika mstari mmoja, kulia mzunguko usio na haraka.

Mwaka wa picha tunaukadiria kuwa karibu 1785, kwa sababu mwaka huo Nicolas-François Regnault alitoa chapa yake iliyonakshiwa na kuuzwa. Na mwaka huo huo, katika maonyesho ya Salon pale Louvre, watu wa Paris walisongamana mbele ya turubai la Jacques-Louis David, "Kiapo cha Horatii", alilolimaliza Roma mwaka 1784. Hilo lina zaidi ya mita tatu kwenda juu na zaidi ya nne kwa upana. Ndugu watatu wa Kirumi wamepanga miguu, mikono imenyooka mbele kuelekea panga alizozishika baba yao. Wanaapa kufa au kushinda.

Ziweke kichwani picha hizi mbili, kubwa na ndogo. Zote zimerudi kwa Warumi. Zote zimepanga miili kwa ubavu, mmoja karibu na mwenzake, kama nakshi za mawe za kale. Zote zinaonyesha vijana wanaojinyoosha kutoka kushoto kuelekea kitu kinachoshikwa na mwingine, na kwa nguvu ile ile isiyorudi nyuma. Sisemi mmoja alimwiga mwenziwe. Nasema walishika lugha moja ya mwili na kuitumia kwa mambo mawili tofauti kabisa. Kwa David mwili unajitoa kwa dola. Kwa Fragonard unajitoa kwa ashiki. Na tazama walipowekwa wanawake. Katika "Kiapo" wako pembeni kulia, wamekaa, wameinamiana, wanalia kwa sababu wanaume wameshaamua. Katika "Chemchemi" mwanamke yumo mbioni. Vitabu vya historia ya sanaa vimempa David mustakabali na kumwacha Fragonard katika zama zilizopita. Kwa habari ya mtindo, sawa. Kwa habari ya kilichosemwa juu ya wanaume na wanawake, nathubutu kusema picha ndogo ndiyo iliyotangulia.

Si kwamba Fragonard hakujua upepo umegeuka. Alikuwa ameshaumizwa nao. Mwaka 1771 Madame du Barry, kipenzi cha mfalme Louis XV, alimwagiza picha nne kubwa za hatua za mapenzi kwa ajili ya jumba lake la Louveciennes. Alizichora: bustani zinazobubujika, wavulana wanaopanda ukuta, barua, taji la maua. Ni kazi bora za maisha yake, na leo ziko katika makumbusho ya Frick, New York. Du Barry alizirudisha. Nafasi yake ilichukuliwa na Joseph-Marie Vien, mwalimu wa David, kwa picha tulivu za Kigiriki ambazo leo ni wachache wanaozikumbuka. Wengi husimulia kisa hiki kama mwisho wa Fragonard. Mimi naona ni mwanzo wa kitu, kwa sababu miaka kumi na tatu hivi baadaye alikuwa amechukua kutoka kwa mtindo ule mpya alichokihitaji, yaani mavazi ya kale na miili ya ubavu, na kuvitia moto ambao Vien hakuwa nao.

Hata mkono wake ulikuwa umebadilika. Huyu ndiye mtu ambaye mwaka 1769 alimaliza picha za watu kwa kasi hadi nyuma ya baadhi yake pakabandikwa maandishi kwamba zilichorwa kwa saa moja. Brashi zake za wakati ule zinaonekana waziwazi, zimeburuzwa, zimekatwa, rangi imesimama. Katika "Chemchemi" uso wa turubai umelainishwa, kivuli kinaingia kwenye mwanga polepole, na kuna heshima kubwa kwa wachoraji wa Kiholanzi wa karne iliyotangulia, Rembrandt hasa. Wanaompenda yule Fragonard wa kasi hulalamika kwamba hapa amepoa. Sikubaliani nao. Kasi ilihama kutoka kwenye brashi ikaingia kwenye miili iliyochorwa, na ulaini wa rangi ndio unaotuzuia tusimtazame fundi, tuwatazame wakimbiaji.

Matoleo ya picha hii yanayojulikana zaidi ni mawili. Moja liko Wallace Collection, London. La pili lilinunuliwa na Jumba la J. Paul Getty la Los Angeles mwaka 1999. Wataalamu walizilinganisha kwa karibu, tabaka kwa tabaka, na ile ya Getty ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza. Wallace ina faida yake: ndiyo nyumba ya "Bembea" pia, iliyosafishwa na kurudishwa ukutani mwaka 2021, kwa hiyo mtu aliyepo London anaweza kuona safari yote ya mchoraji chini ya paa moja, bila kiingilio. Aliye Dar es Salaam, Bujumbura au Muscat atosheke na skrini, na Getty wameiweka picha yao mtandaoni kwa matumizi huru. Ombi langu kwake ni moja: asiongeze mwanga wa simu. Giza lile limechorwa. Picha nyingi zinazosambaa zimeng'arishwa hadi majani ya nyuma yanaonekana, na msitu ukionekana hofu inaondoka, vinabaki vitoto na mashada.

Sasa nirudi kwenye hoja ya kutotazamana. Anayesema wapenzi hawa wanapenda kiu yao tu amesahau mahali walipo. Wamefikaje pamoja kwenye ukingo kama hawakuondoka pamoja? Mguu wa mmoja haujautangulia wa mwenzake hata kidogo, na watu wawili hawalingani hatua kwa bahati katika mbio za namna ile. Kutazamana ni jambo la watu waliosimama. Antoine Watteau, katika picha yake ya mwaka 1717 ya mahujaji wa kisiwa cha Cythera, aliwachora wapenzi wanaonong'onezana, wanaoshikana viuno, mwanamke mmoja akigeuka kutazama alikotoka, na ndiyo maana picha ile tamu ina huzuni ya watu walio na muda wa kufikiri. Fragonard amewanyima hawa muda huo. Wamepewa kitu kimoja cha kutazama, na kukitazama pamoja ni ukaribu ambao mapambo ya mapenzi ya zama zile hayakuujua. Nakiri hata hivyo kwamba usomaji wa pili haufi kabisa. Mtu akiniambia kuwa kikombe kikishatua watageukiana na kujikuta hawajuani, sitakuwa na cha kumwonyesha kwenye turubai cha kumkatalia.

Fragonard mwenyewe aliendelea na istiara hizi. Kabla ya "Chemchemi" alikuwa ameshachora kiapo mbele ya sanamu ya Cupid na maombi kwa Cupid. Na katika miaka hiyo hiyo akachora "Kafara ya Waridi". Baada ya Mapinduzi ya 1789 soko la picha hizo lilikufa. Alirudi Grasse kwa muda mwaka 1790 akiwa na zile picha zilizokataliwa, kisha Paris, ambako David, yule yule wa "Kiapo", alimsaidia kupata kazi katika makumbusho mapya ya Louvre. Alifariki mwaka 1806, akiwa amesahauliwa kiasi kwamba ilibidi waandishi wawili ndugu, akina Goncourt, waje kumfufua katika karne ya 19.

Hiyo "Kafara ya Waridi" mara nyingi huwekwa karibu na "Chemchemi" kana kwamba ni sura ya pili ya hadithi moja. Humo msichana amelegea kwenye madhabahu, kichwa kimeanguka nyuma, macho hayaoni, na mwenge wa Cupid unaliteketeza ua la waridi. Ni picha nzuri, moshi wake umechorwa kwa ustadi ule ule. Lakini mwanamume hayumo. Aliyekimbia bega kwa bega kuelekea birika hayupo kwenye madhabahu. Gharama inalipwa na msichana peke yake, kama ilivyolipwa katika nyumba na mahakama za Ufaransa ya wakati ule, ambako mimba, aibu na nyumba ya watawa vilikuwa vya upande mmoja. Ndiyo maana nakataa kuzisoma kama hadithi moja. Ukiiunganisha "Chemchemi" na "Kafara", usawa wa wale wawili unageuka kuwa mtego tu wa kumfikisha mwanamke madhabahuni, na sioni chochote katika mwendo wao, katika hatua zao zilizolingana, katika kikombe kilichoinuliwa kwa ajili ya wote, kinachoruhusu kusema hivyo. Fragonard alizichora zote mbili na hakuwahi kueleza ipi aliiamini. Mimi nasimama na ile ambayo wote wawili wamo.